Kesi imekwisha, jina je? Mwongozo wa kusafisha kumbukumbu za jinai nchini Rwanda

Mtu aliyefutiwa mashtaka, aliyeachiwa huru na mahakama, aliyesamehewa na rais na aliyerejeshewa haki zake na mahakama wote wanaweza kukutana katika barabara moja ya Nyamirambo, wakasalimiana kama raia huru. Mbele ya sheria ya Rwanda, hata hivyo, hali zao hazifanani, na kila mmoja anahitaji karatasi yake. Anayezichanganya karatasi hizo anaweza kukosa kazi, safari au haki ya kugombea uongozi, hata kama hana hatia yoyote.

Mambo muhimu

- Jalada lililofungwa na mwendesha mashtaka linaweza kufunguliwa tena ushahidi mpya ukipatikana.
- Hukumu ya kuachiwa huru huweza kukatiwa rufaa. Huwa ya mwisho pale tu njia za rufaa zinapokwisha.
- Nakala ya hukumu haichukui nafasi ya cheti cha kutokuwa na hatia za jinai.
- Msamaha wa rais humtoa mtu gerezani, lakini haufuti hatia katika kumbukumbu.

Kwa nini majina ya karatasi yana uzito

Nyamirambo ni mojawapo ya sekta za wilaya ya Nyarugenge, kusini magharibi mwa jiji la Kigali. Pamoja na Biryogo iliyo jirani, ndiko ambako Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi vingi na wafanyabiashara, mafundi, madereva na Waislamu wa jiji hilo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Hata hivyo, hati nyingi za polisi, za waendesha mashtaka na za mahakama bado huandikwa kwa Kinyarwanda.

Kwa sababu hiyo msomaji wa Kiswahili anaweza kushika mkononi hati iliyobeba hatima yake bila kuielewa sawasawa. Maneno "ameachiwa" na "amefunguliwa" hutumika mitaani kwa mambo mawili au matatu yaliyo mbalimbali. Anayepewa dhamana huambiwa ameachiwa, aliyeonekana hana hatia huambiwa ameachiwa, na aliyemaliza kifungo naye huambiwa hivyo hivyo. Sheria haiwaweki katika fungu moja.

Safari ya jalada

Mtu anayeshukiwa kutenda kosa hushughulikiwa kwanza na Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa mujibu wa sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ya mwaka 2019, idara hiyo inaweza kumshikilia mshukiwa kwa muda usiozidi siku 5. Baada ya hapo jalada hupelekwa kwa mwendesha mashtaka, ambaye naye ana siku 5 za kuamua. Akiona mshukiwa anastahili kuendelea kushikiliwa, ni lazima aiombe mahakama. Mahakama ikikubali, agizo la kwanza la mahabusu huwa la siku 30 na linaweza kuongezwa. Kwa mkazi wa Nyarugenge, mahabusu hiyo mara nyingi huwa gereza la Mageragere, lililochukua nafasi ya gereza kongwe la katikati ya jiji lililojulikana kwa jina la 1930.

Katika safari hiyo kuna milango kadhaa ya kutokea.

*Mlango wa kwanza ni wa mwendesha mashtaka.* Akiona ushahidi hautoshi, au kwamba kilichotendeka si kosa la jinai, anaweza kulifunga jalada. Kwa Kinyarwanda tendo hilo huitwa gushyingura dosiye. Hapa hakuna hakimu aliyetamka lolote kuhusu hatia. Mshukiwa anabaki kuwa mtu asiye na hatia, kwa sababu Katiba ya Rwanda, katika ibara ya 29, inasema kila mtu huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama yenye mamlaka imwone nayo. Lakini uamuzi wa kulifunga jalada haulifungi milele. Ushahidi mpya ukijitokeza kabla ya kupita muda ambao sheria imeuweka kama ukomo wa mashtaka, shauri linaweza kufufuliwa. Makosa ya mauaji ya kimbari hayana ukomo huo.

*Mlango wa pili ni wa kuachiwa kwa muda,* yaani gufungurwa by'agateganyo. Mahakama inakataa ombi la kumweka mtu mahabusu, au inampa dhamana yenye masharti, kama vile kuripoti siku maalumu. Kesi bado ipo. Mtu anayetoka mahakamani siku hiyo akashangiliwa na jamaa zake hajashinda kesi. Amepata nafasi ya kujitetea akiwa nje. Kosa la kawaida ni kuidhani karatasi hiyo kuwa mwisho wa shauri, kuacha kufuata tarehe za mahakama na kujikuta anatafutwa upya.

*Mlango wa tatu ni wa hukumu ya kutokuwa na hatia.* Hati husema mshtakiwa amekuwa umwere, yaani mtu asiye na hatia. Huu ndio mlango ulio imara zaidi, lakini nao una kizingiti: upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa na sheria.

Mfano uliofuatiliwa sana ulianzia katika Mahakama ya Kati ya Nyarugenge, Urukiko Rwisumbuye kwa Kinyarwanda. Desemba 2022 mahakama hiyo ilimwachia huru Dieudonné Ishimwe, maarufu Prince Kid, aliyekuwa mwandaaji wa shindano la Miss Rwanda na aliyekuwa ameshtakiwa kwa makosa ya kingono. Waendesha mashtaka walikata rufaa. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi huo, ikamwona na hatia na kumhukumu kifungo cha miaka 5. Katika miezi hiyo 10 iliyopita kati ya hukumu mbili, hukumu ya kwanza haikuwa ya mwisho. Ndiyo maana mawakili huwashauri wateja wao wasiombe nakala ya hukumu pekee, bali waombe pia uthibitisho kwamba hakuna rufaa iliyokatwa.

Hukumu ya kushinda kesi si cheti

Cheti ambacho waajiri, balozi na tume za uchaguzi hukiomba hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka, NPPA. Kwa Kinyarwanda huitwa icyemezo cy'uko utakatiwe n'inkiko, maana yake uthibitisho kwamba mwombaji hajahukumiwa na mahakama. Huombwa kupitia Irembo, mfumo wa huduma za serikali kwa intaneti, na asiyekuwa na kompyuta wala simu ya kisasa husaidiwa na mawakala wa mfumo huo waliotapakaa mitaani. Wakazi wa kigeni walioishi Rwanda, pamoja na Wanyarwanda walioko nje, nao wanaweza kukiomba.

Jina la cheti linaeleza kazi yake. Kinazungumzia hukumu, hakizungumzii kukamatwa, kuhojiwa wala tetesi za majirani. Kwa maana hiyo mtu ambaye jalada lake lilifungwa, au ambaye mahakama ilimwona hana hatia kwa hukumu ya mwisho, hahesabiwi kuwa amehukumiwa.

Tofauti kati ya hukumu na cheti ilijitokeza hadharani katika maandalizi ya uchaguzi wa rais wa Julai 2024. Diane Rwigara, mfanyabiashara na mkosoaji wa serikali, alikamatwa Septemba 2017 baada ya jaribio lake la kugombea urais kukataliwa. Alishtakiwa kwa kuchochea uasi na kwa kughushi, na alikaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 6 Desemba 2018 Mahakama Kuu ilimwona hana hatia, yeye pamoja na mama yake, Adeline Rwigara.

Alipowasilisha tena nyaraka za kugombea mwaka 2024, jina lake halikuwamo katika orodha iliyotangazwa mwezi Juni na Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Mwenyekiti wa tume hiyo, Oda Gasinzigwa, alieleza kwamba mahali palipotakiwa cheti cha kumbukumbu za jinai, mgombea alikuwa ameweka nakala ya hukumu ya mahakama. Tume ilitaja pia kasoro nyingine, zikiwamo za uthibitisho wa uraia wa kuzaliwa na za idadi ya saini za wadhamini katika wilaya. Rwigara alilalamikia kuzuiwa kwake.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa kisiasa, na mjadala huo haujafungwa. Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, kuna funzo la kiutaratibu. Ofisi inayoomba cheti haitafuti ukweli wa kesi. Inatafuta karatasi iliyotajwa katika masharti. Dereva wa pikipiki anayeomba kazi katika kampuni ya usafirishaji, akipeleka hukumu yenye kurasa 20 inayosema hana hatia, anaweza kukataliwa mahali ambapo karatasi moja ya NPPA ingetosha. Tena anakuwa amewafungulia wageni maelezo yote ya shauri ambalo hakulazimika kulitaja.

Msamaha haufuti doa

Kundi la pili linalokumbwa na mkanganyiko ni la waliohukumiwa kisha wakasamehewa. Kesi ya Victoire Ingabire ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kiongozi huyo wa upinzani alirejea Rwanda mwaka 2010 akitokea Uholanzi na kukamatwa mwaka huo huo. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka 8 kwa makosa yaliyohusu njama dhidi ya serikali na kupuuza uzito wa mauaji ya kimbari. Desemba 2013 Mahakama ya Juu iliongeza adhabu hadi miaka 15.

Novemba 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Rwanda ilikiuka uhuru wake wa kujieleza na haki yake ya kujitetea. Uamuzi huo haukuifuta hukumu katika kumbukumbu za Rwanda. Septemba 2018 Rais Paul Kagame alimsamehe, na akatoka gerezani pamoja na wafungwa wengine zaidi ya 2,000 waliofunguliwa wakati huo.

Alikuwa huru kutembea, ingawa chini ya masharti, likiwamo la kuomba ruhusa kabla ya kusafiri nje ya nchi. Hakuwa huru kugombea, kwa sababu Katiba inamzuia kuwania urais mtu aliyehukumiwa kwa hukumu ya mwisho kifungo cha miezi 6 au zaidi. Ilimbidi arudi mahakamani kuomba arejeshewe haki zake. Tarehe 13 Machi 2024, miaka mitano na nusu baada ya kutoka gerezani, Mahakama Kuu ililikataa ombi hilo. Juni 2025 alikamatwa tena katika shauri jingine.

Msamaha, basi, hugusa adhabu. Unaweza kukatiza kifungo kilichobaki, lakini hausemi kwamba kosa halikutendeka. Ndivyo ilivyo pia kwa anayekiri kosa ili apunguziwe adhabu, utaratibu ambao umepanuliwa nchini Rwanda tangu mwaka 2022. Anayekiri hufupisha kesi na kifungo, lakini hutoka akiwa mtu aliyehukumiwa. Mshtakiwa asiye na hatia anayeshawishiwa kukiri ili arudi nyumbani mapema anapaswa kulijua hilo kabla ya kutia saini.

Ihanagurabusembwa: kufuta ila

Njia ya kisheria ya kuondoa athari za hukumu inaitwa kwa Kinyarwanda ihanagurabusembwa. Neno hilo limejengwa juu ya maneno mawili: guhanagura, yaani kufuta au kupangusa, na ubusembwa, yaani ila. Asili ya utaratibu wenyewe ni sheria za Ulaya bara, zilizofika Rwanda kupitia Wabelgiji.

Anayeomba kufutiwa ila haombi kesi isikilizwe upya. Haombi pia kutangazwa kwamba hakutenda kosa. Anayetaka hivyo hana budi kufuata njia ya rufaa au ya mapitio ya hukumu. Anachoiomba mahakama ni kutambua kwamba amelipa deni lake kwa jamii na kwamba hukumu hiyo haistahili tena kumfuata.

Mahakama hutazama mambo manne makubwa. La kwanza ni kama adhabu imetumikiwa au imesamehewa. La pili ni kama muda unaotakiwa na sheria umepita tangu mtu atoke gerezani. La tatu ni kama gharama za mahakama, faini na fidia kwa aliyedhurika zimelipwa. La nne ni mwenendo wa mwombaji tangu aachiliwe.

Jambo la tatu husahauliwa mara nyingi. Mtu anaweza kuwa ameishi miaka mingi bila kosa, akasimamishwa na deni la gharama za mahakama ambalo hakulikumbuka. Risiti ya malipo iliyotunzwa vizuri ina thamani sawa na ushahidi wa shahidi. Aliyepoteza risiti anashauriwa kuulizia katika mahakama iliyotoa hukumu kabla hajawasilisha ombi.

Ukivuka mpaka, mambo hubadilika

Wakazi wengi wa Nyamirambo wana ndugu au biashara Kampala, Bukavu, Mombasa na Dar es Salaam. Utaratibu ulioelezwa hapo juu hauvuki mpaka pamoja nao.

Nchini Kenya, mwendesha mashtaka anaweza kuondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Mshtakiwa huachiliwa, lakini kuachiliwa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Kesi ikiondolewa baada ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, ni lazima atangazwe hana hatia. Cheti cha nchi hiyo, kiitwacho cheti cha tabia njema, hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole.

Nchini Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka ya kutangaza kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Ndivyo ilivyomalizika Machi 2022 kesi ya ugaidi iliyomkabili Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha Chadema, wakati alipokuwa tayari ameonekana ana kesi ya kujibu. Tangazo hilo nalo, kisheria, halihesabiwi kuwa hukumu ya kutokuwa na hatia.

Kwa wanaoomba viza za nchi za mbali, tahadhari ni kubwa zaidi. Fomu ya viza ya Marekani humuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama baadaye alisamehewa. Cheti safi kutoka Kigali hakimruhusu mtu kujibu hapana kwa swali kama hilo iwapo aliwahi kukamatwa. Jibu la kweli linaloambatana na nakala ya hukumu ya kuachiwa huru kwa kawaida huwa na madhara madogo kuliko uongo unaogunduliwa baadaye. Hapa ndipo hukumu, ambayo haikufaa mahali pa cheti, inapopata kazi yake.

Hatua za kuchukua

*Kujua mlango uliotokea.* Hatua ya kwanza ni kuuliza kwa maandishi shauri liliishaje: jalada lilifungwa, dhamana ilitolewa, au hukumu ilitamkwa. Rwanda hutumia mfumo wa kielektroniki wa mashauri, IECMS, unaounganisha wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, na namba ya jalada ndiyo ufunguo wake. Namba hiyo inafaa kuandikwa na kutunzwa na familia tangu siku ya kwanza.

*Kutunza nakala.* Hukumu, uthibitisho wa kutokuwapo rufaa, agizo la kufunguliwa na risiti za malipo huwekwa pamoja. Asiyesoma Kinyarwanda vizuri atafsiriwe na mtu anayeaminika kabla ya kutia saini hati yoyote.

*Kuomba cheti mapema.* Kama cheti kina kosa, kwa mfano kimechanganya majina yanayofanana au kinaonyesha hukumu iliyokwisha kutenguliwa, ni afadhali ligundulike kabla ya siku ya mahojiano ya kazi. Sheria ya ulinzi wa data binafsi ya Oktoba 2021 inazihesabu kumbukumbu za jinai kuwa data nyeti, na inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe.

*Kutafuta msaada wa sheria.* Kila wilaya ya Rwanda ina ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria, inayojulikana kwa kifupi MAJ, ambako ushauri hutolewa bila malipo. Mkazi wa Nyamirambo huhudumiwa na ofisi ya wilaya ya Nyarugenge. Chama cha mawakili na mashirika yaliyo chini ya Legal Aid Forum nayo husaidia wasio na uwezo.

*Kuwasilisha ombi la kufutiwa ila likiwa kamili.* Kwa aliyehukumiwa, ombi lililokosa uthibitisho wa malipo au lililowahi kabla ya muda wake huweza kumrudisha nyuma.

Kinachobaki nje ya karatasi

Kuna ila ambayo hakuna mahakama inayoifuta. Picha ya mtu akiwa na pingu husambaa katika simu kwa saa moja, na habari ya kuachiwa kwake huenda isisambazwe kabisa. Fundi cherehani aliyekaa mahabusu siku 40 hukuta wateja wamehamia kwa jirani, kodi ya chumba imelimbikizana na mtaa umeshamhukumu. Hapo cheti hakimrudishii kila kitu. Kinampa jambo moja ambalo hawezi kulipata kwa kuapa wala kwa kubishana: anapoulizwa yeye ni nani mbele ya sheria, ana karatasi inayojibu kwa niaba yake.